Nataka kusomea ubingwa wa mifupa, mkuu wangu anasema nikasomee watoto

Mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 30, ni daktari wa serikali katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Nimeshathibitishwa kazini na muda wa kuomba kibali cha kwenda kusomea ubingwa umefika. Ninachotaka ni upasuaji wa mifupa, na sijawahi kutamani fani nyingine.

Wodi yetu ya majeruhi wanaume haina kitanda kitupu. Wengi ni vijana wa bodaboda. Aliyevunjika paja tunampitishia pini kwenye mfupa chini kidogo ya goti, tunamfungia kamba na uzito, analala hivyo wiki sita, wengine hadi kumi na mbili. Mwenzake aliyepata rufaa akawekewa chuma ndani ya mfupa, baada ya siku chache anatembea kwa magongo. Pini nyingi za wodini nimezipitisha mimi, na kila ninapomaliza najisemea kwamba huyu kijana alistahili chuma, na ningependa niwe mimi wa kumwekea.

Tatizo ni kwamba mkuu wangu wa idara, ambaye maoni yake ndiyo Mganga Mfawidhi anayoyafuata, amesema wazi hatapendekeza jina langu kwa mifupa. Kwa watoto au magonjwa ya wanawake atapendekeza hata kesho. Anasema mifupa ni kazi ya misuli, haina usiku wala mchana, na mwanamke akishazaa anakimbilia ofisini, fedha ya serikali inapotea. Mimi ni mfupi, nina kilo 52. Hivi karibuni aliletwa abiria wa ajali, nyonga imetoka kwa nyuma. Mtaalamu wa usingizi alikuwa kwenye upasuaji wa kujifungua, nikampa mgonjwa diazepamu nikajaribu kuirudisha, ikagoma kabisa. Baadaye mtaalamu wa usingizi alifika, akamlaza, akaja mwenzangu mwenye mwili mkubwa, ikarudi mara moja. Mkuu akawaambia interni, “Mmeona? Ndiyo maana nasema mifupa ni misuli.” Nilinyamaza. Tangu siku hiyo najiuliza kama kweli namkatalia ukweli.

Kuna na la nyumbani. Nimechumbiwa, mahari imepokelewa, ndoa ni Desemba. Mchumba wangu ni mwalimu, mtu mwema, anasema ananiunga mkono ila tuzae kwanza. Mama yake ameshasikia habari za mionzi ya eksirei na anaamini nitakuwa tasa. Nami sitaki kufika miaka 36 sina mtoto, wala sitaki kufika miaka 50 nikiwa bingwa wa kitu nilichochaguliwa na watu wengine.

Nifanyeje?

Nimekwama, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeuliza swali moja, lakini humu ndani yamo matatu yaliyosokotana: kama mwili wako unaiweza kazi hii, kama uzazi na kazi hii vinaweza kukaa nyumba moja, na kama mtu mmoja ofisini ana haki ya kukuamulia. Yakibaki yamesokotana hivyo, jibu la moja unaliona kama jibu la yote. Tuyafungue moja moja.

Naanza na ile nyonga, kwa sababu nahisi ndiyo iliyokuumiza kuliko yote. Soma tena ulichoandika. Wewe ulimvuta mgonjwa aliyechomwa diazepamu tu. Mwenzako alimvuta mgonjwa aliyelazwa na mtaalamu wa usingizi. Hao si mgonjwa mmoja. Nyonga iliyotoka inashikiliwa na misuli ya makalio na paja iliyokakamaa kwa maumivu, na hakuna daktari, awe na kilo 52 au 100, anayeshindana na misuli hiyo ikiwa macho. Ikilegezwa sawasawa, kinachobaki ni pembe na nyenzo. Kuna njia unayoweza kumwomba bingwa yeyote akuonyeshe: mgonjwa analala chali, kiuno kimefungwa kitandani, wewe unaweka mguu wako juu ya kitanda, goti lako linaingia chini ya goti lake, unashika kifundo chake na kukikandamiza taratibu, kisha unanyanyua kisigino chako. Nguvu inatoka kwenye shavu la mguu wako, ile inayokubeba kutwa nzima, wala si mikononi. Ulichohitaji siku ile ni usingizi wa kutosha mapema, kwa kuwa nyonga haifai kupita saa sita nje kabla damu ya kichwa cha paja haijawa mashakani. Interni waliokuwepo walistahili kufundishwa hilo.

Mengi yanayoitwa nguvu katika fani hii ni mpangilio. Meza ya upasuaji ikipandishwa kumfaa mtu mrefu, mfupi anafanya kazi mabega yakiwa juu na kwa saa mbili anachoka. Ishushwe ifike usawa wa kiwiko chako au chini kidogo, au uwekewe kigoda cha kukanyagia, na uchovu mwingi unaondoka. Glovu za namba 7 na nusu kwenye mkono wa namba 6 zinakufanya uonekane huna ustadi, kumbe ncha za vidole zinaelea. Paja lililovunjika wiki tatu zilizopita limejikunja na kufupika, huyo hata mbabe hamnyooshi kwa kuvuta. Ananyooka kwa meza ya kuvutia, au kwa kifaa kinachofungwa kwenye mfupa juu na chini ya palipovunjika na kusukuma taratibu kwa skrubu kama jeki ya gari. Hata chuma cha SIGN, kinachotumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kilibuniwa ili fundi asitegemee eksirei ya papo kwa papo thieta: fremu ya nje ndiyo inayokuonyesha tundu la skrubu liko wapi ndani ya mfupa. Kazi nzito ipo, siifichi. Kusimama saa nne na aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, ya kilo kadhaa, mabegani kunachosha mgongo, na misuli ya mgongo na tumbo inafaa kujengwa kwa makusudi. Lakini hilo ni la kila anayeivaa.

Kuhusu usiku, mkuu wako hajapima vizuri alichosema. Anakukataza mifupa kwa sababu ya usiku, kisha anakuelekeza magonjwa ya wanawake! Mama mwenye mtoto anayechoka tumboni saa tisa usiku hasubiri hata nusu saa. Kwenye mifupa yapo yasiyosubiri: kiungo kilichotoka, mguu uliokatika mshipa wa damu, mguu uliovimba hadi misuli inakosa damu ndani ya ala yake. Kidonda kilichoonyesha mfupa kinataka antibiotiki mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na kuoshwa thieta bila kukaa. Lakini mfupa uliovunjika bila kidonda, ambao ndio mwingi, unapangiwa orodha ya mchana na hupona vizuri tu. Kwa hiyo ukiona mtu anataja usiku pale tu mwanamke anapotaja mifupa, huenda sababu yake ni nyingine na yeye mwenyewe hajaitambua.

Sasa uzazi na mionzi, maana hapa mama mkwe wako mtarajiwa ana hofu ya kweli na anastahili jibu la kweli. Dhana kwamba kukaa karibu na eksirei ya thieta kunamfanya mwanamke tasa haiendani na dozi wanazopata wapasuaji wanaojikinga. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Kwa mwenye mimba, tangu anapotoa taarifa, mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiveti 1 hadi azaliwe. Ili uone ukubwa wake, mionzi ya asili ya ardhini na angani humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani. Aproni yenye unene sawa na nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika.

Kinachowaponza watu ni uzembe mdogo mdogo. Bomba la eksirei, linalotoa mionzi, linatakiwa liwe chini ya meza, kwa kuwa mionzi hutawanyika zaidi upande inapoingilia mwilini mwa mgonjwa. Mashine ikigeuzwa kupiga kwa ubavu, simama upande wa kipokezi, kinachopokea picha, usisimame upande wa bomba. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwa nao, dozi inashuka hadi robo. Vaa kinga ya shingo. Na jambo linalowahusu wanawake hasa: aproni nyingi zimeshonwa kwa mwili mpana wa kiume, kwa hiyo kwako kwapa linabaki wazi na sehemu ya juu ya titi upande wa nje inapigwa moja kwa moja. Tafiti za wanawake wapasuaji wa mifupa Marekani ziliona saratani ya titi kwao zaidi ya ilivyotarajiwa. Idadi ilikuwa ndogo na hazikuthibitisha kwamba mionzi ndiyo chanzo, lakini sababu hiyo yatosha kudai aproni ya saizi yako yenye mikono mifupi au mabawa ya kwapani. Beji ya kupimia mionzi pia ni haki yako, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hutoa huduma ya kuzisoma. Ukipata mimba unaongezewa ya pili, inavaliwa kiunoni chini ya aproni.

Kwa haki zote, kuna hatari ambayo naiona nzito kuliko mionzi, nayo huongelewa kidogo: kusimama na kuchoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ukiwahusu wanawake wapasuaji wa fani mbalimbali uliona kwamba waliofanya upasuaji saa 12 au zaidi kwa wiki katika miezi mitatu ya mwisho walipata matatizo makubwa ya mimba zaidi ya wenzao. Kwa hiyo swali la kumuuliza mchumba wako, na la kuuliza idara yoyote utakayoiomba, ni nani atabeba orodha yako ya thieta miezi ile mitatu, na kama jambo hilo linapangwa mapema au linaachwa liamuliwe kwa manung'uniko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Inakataza kukupanga zamu ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari. Pia inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, ndoa au ujauzito. Ila shika hili, maana ndipo wengi wanapokwama: ukiwa masomoni, kwa mwajiri wewe ni mtumishi, kwa chuo wewe ni mwanafunzi, na kwa hospitali unayofanyia mafunzo wewe ni mgeni mwenye zamu. Mwajiri anaweza kukupa siku zako 84 kwa moyo mweupe, na bado chuo kikahesabu kwamba hukumaliza wiki za mzunguko fulani, ukarudishwa nyuma muhula mzima. Soma kanuni za chuo kuhusu kuahirisha masomo kabla hujaomba, usisubiri hadi uwe na mimba ya miezi saba.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ipo ya chuo kikuu, kama Muhimbili au KCMC, yenye ratiba iliyonyooka, mitihani ya wakati mmoja na wagonjwa wengi wa kujifunzia, lakini muhula ukikukwepa umekukwepa. Ipo ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha: miaka miwili ya msingi wa upasuaji kwa jumla, kisha mitatu ya mifupa, ukiwa umeajiriwa katika hospitali iliyoidhinishwa. Ni ndefu, na ubora wake unategemea sana bingwa uliyepangiwa, ila inavumilia kusimama na kuendelea kuliko ile ya kwanza. Kusubiri mwaka mmoja uzae kwanza, kama asemavyo mchumba, nako ni njia halali. Hatari yake ni kwamba mimba haina kalenda, kibali cha mwaka ujao hakina dhamana, na mtoto wa miezi minne si mwepesi kuliko ujauzito. Wapo wanaozaa katikati ya mafunzo na wapo wanaozaa baada yake. Sijaona mpango mmoja uliomfaa kila mtu.

Na watoto, je? Fani hiyo aliyokutajia mkuu si adhabu, na mifupa yenyewe ina mlango wa watoto. Mguu kifundo, yaani mguu wa mtoto aliyezaliwa umepinda kwa ndani, unanyooshwa kwa plasta za kila wiki, kwa kawaida tano hadi saba, kisha kano ya kisigino inakatwa kwa tundu dogo, halafu mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu na usiku tu hadi afike miaka minne hivi. Ni kazi nzuri mno. Ninachokuomba uangalie ni kama unavutiwa nayo, au umeelekezwa huko kwa kuwa wanawake huelekezwa huko. Mara nyingi ndivyo wanavyosogezwa pembeni: hakuna anayewakataza, ila wanapewa kliniki, plasta na makaratasi, huku misumari ya paja, yaani vile vyuma vya ndani ya mfupa, ikiwaendea wengine.

Ndiyo maana, kabla hujajipima wewe, nakushauri uipime idara. Tumia siku zako za likizo, omba kukaa wiki moja kama mtazamaji katika hospitali mbili unazozifikiria. Waombe wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa kike na wa kiume, wakuonyeshe daftari zao za upasuaji, uangalie safu ya mpasuaji mkuu na safu ya msaidizi. Kama wa kike ana misumari mingi aliyosaidia kwa kushika ndoano ya kupanulia kidonda tu na wa kiume aliyeanza naye ana mingi aliyoweka mwenyewe, hilo halihitaji maelezo. Angalia wanawake wanabadilishia nguo wapi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini pale ambapo chumba cha madaktari ni cha wanaume na mwanamke anabadilishia kwa wauguzi, mpango wa upasuaji hujadiliwa upande ule, naye anaingia thieta ukiwa umeshagawanywa. Angalia chumba cha kulala zamu kina kufuli. Uliza aproni ndogo iko wapi. Zungumza na wanawake waliopo wakiwa nje ya ofisi, na watafute Women in Surgery Africa, mtandao ulio chini ya COSECSA tangu 2015, kwa kuwa wao wanajua wapi bingwa anafundisha na wapi anatumia watu. Na kama popote saini ya daftari inauzwa kwa mwili, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaliita hilo kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea malalamiko hayo.

Sasa mkuu wako. Sitaki umwone adui tu. Mkoa una uhaba wa madaktari wa watoto, na huenda aliwahi kusomesha mtu asirudi. Hofu hiyo ina jibu, lakini usijibizane naye kuhusu misuli, hutashinda na haina faida. Mpelekee namba: wagonjwa wangapi wa paja mmewalaza mwaka huu, kila mmoja amekaa siku ngapi kitandani, wangapi wamepewa rufaa, na gharama ya hizo siku ikilinganishwa na mafunzo ya bingwa mmoja anayerudi kufanya kazi hapo hapo. Daftari la wodi unalo. Upande mwingine, ukimruka ukaenda moja kwa moja kwa Mganga Mfawidhi unaweza kupata saini na kupoteza amani ya kazi kwa miezi mingi, na katika mji mdogo hiyo si gharama ndogo. Ni wewe unayejua hali ya hewa ya pale.

Na kwa mchumba wako, “nakuunga mkono” ni neno zuri ambalo bado halina siku wala saa. Wekeni ratiba halisi mezani: zamu tatu za usiku kwa wiki, mtoto ana homa, yeye ana kipindi saa moja na nusu asubuhi. Nani anabaki? Dada wa kazi analipwa na mshahara upi wakati wewe uko Dar es Salaam au Moshi? Je, yuko tayari kuomba uhamisho? Muulize pia, kwa upole, “tuzae kwanza” maana yake ni mtoto mmoja au watatu. Na mama yake ukimweleza habari ya aproni na beji kwa Kiswahili cha kawaida, yawezekana akawa mtetezi wako wa kwanza.

Swali la mwisho nakuachia wewe, na sikuulizi kwa kukushuku: kama mkuu wako angehama kesho, na hakuna wa kumthibitishia lolote, bado ungetaka mifupa? Nilivyosoma ulivyoandika kuhusu vijana wa wodini, nahisi unajua jibu, lakini lisikie kutoka kwako.

Vyovyote utakavyoamua, ombi la kibali liandike sasa, kabla ya pilika za Desemba. Taja fani unayoitaka kwa jina lake, ambatanisha zile namba za wodi, wasilisha kupitia kwa mkuu wako kama utaratibu unavyotaka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa masijala wenye tarehe, na uombe ujibiwe kwa maandishi.